Miguu ya Chuma au Fito za Mkoko? Viegemeo Viwili vya Bunduki ya Springi Vilivyojaribiwa Malindi

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikilenga shabaha kwa bunduki ya upepo nikitumia viegemeo viwili visivyofanana hata kidogo. Cha kwanza ni miguu miwili ya chuma iliyoagizwa Nairobi na kuletwa Malindi kwa basi, ndani ya sanduku lenye picha ya askari aliyelala kifudifudi. Cha pili ni jozi ya fito za mkoko zilizofungwa kwa mpira wa tyubu na fundi mzee, mzaliwa wa Lamu, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kugusa bunduki tangu azaliwe. Miguu ya chuma ilinigharimu shilingi 4,500 bila nauli ya mzigo, na fito ziligharimu shilingi 900 pamoja na chai. Leo natumia fito, na miguu ya chuma iko juu ya kabati. Kosa halikuwa la chuma peke yake, ingawa chuma nacho kina makosa yake. Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya bunduki yenyewe, na muuzaji hakulizungumzia hilo hata kwa neno moja.

Bunduki ninayotumia ni Diana 34 ya Ujerumani, ya milimita 4.5, ambayo hukokiwa kwa kuvunja mtutu kuelekea chini mpaka springi iliyo ndani ishike. Pamoja na darubini yake inakaribia kilo nne. Ninayo kwa cheti, na yeyote anayewazia kupata ya kwake namsihi aanzie kwenye ofisi ya leseni za silaha kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote. Shabaha zangu ni karatasi na vifuniko vya chupa, basi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na hata majirani wanaponisihi niwapunguzie kunguru wanaowaibia samaki kwenye kichanja, huwajibu kwamba risasi inayomkosa kunguru juu ya paa haina budi kushuka mahali, na mahali penyewe huenda pakawa uani kwa mtu. Hulenga katika shamba la familia upande wa Ganda, nje ya mji, nikiwa na sanduku la mbao lililojaa mchanga mbele ya kingo ya udongo, umbali wa mita 25 zilizopimwa kwa utepe.

Kwa wasioijua, bunduki ya springi haina baruti wala tangi la hewa. Kifyatulio kinapofinywa, springi nzito huachiwa na kuisukuma pistoni mbele ndani ya silinda, na hewa iliyobanwa na pistoni hiyo ndiyo inayoisukuma risasi. Kwa kuwa pistoni ni nzito na inakwenda mbele kwa kasi, bunduki nzima hurudi nyuma kidogo. Kisha pistoni hugota kwenye hewa iliyobanwa mwishoni mwa silinda, na bunduki hurushwa mbele kwa mshtuko wa pili. Kwa hiyo bunduki hii hupiga mateke mawili, la nyuma na la mbele, na ubaya ni kwamba sehemu kubwa ya purukushani hiyo hutokea wakati risasi ingali ndani ya mtutu. Darubini nyingi zinazostahimili bunduki ya baruti kwa miaka huharibika mapema kwenye bunduki ya springi kwa sababu ya teke hilo la mbele, ambalo hazikutengenezwa kulipokea. Na hapa Kiswahili kimetutendea haki: neno risasi ni jina la kinachofyatuliwa na pia la madini yenyewe, na hivi vidude vya nusu gramu, vyenye kiuno chembamba na sketi nyuma, ni risasi kwa maana zote mbili. Ndiyo maana nikimaliza hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Yanayofuata kutokana na hayo ni mepesi kuyasema na magumu kuyazoea. Bunduki ya springi haitaki kushikwa kwa nguvu. Itatikisika utake usitake. Unachoweza kukifanya ni kuhakikisha kwamba inatikisika vilevile kila mara, ili risasi itoke mtutu ukiwa umeelekea pale pale. Tom Gaylord, Mmarekani aliyeandika kwa miaka mingi kuhusu bunduki za upepo, ndiye aliyeueneza mshiko unaoitwa mshiko wa mzinga: bunduki hulazwa juu ya kiganja kilichofunguliwa, kitako hugusa bega kidogo tu, shavu halikandamizi mbao, na teke linapokuja bunduki huachwa iteleze kama mizinga ya zamani ilivyoachwa irudi nyuma juu ya magurudumu yake. Aliyewahi kutazama mizinga ya Fort Jesus kule Mombasa na kujiuliza kwa nini haikufungwa kwenye ukuta, jibu lake ni hilo.

Sasa tuje kwenye miguu ya chuma. Haina jina la kampuni. Inaiga umbo lililopata sifa kupitia miguu ya Harris ya Marekani, yaani miguu miwili inayokunjwa kuelekea mbele, iliyo na springi za nje na sehemu za ndani zinazorefuka kwa vituo, kutoka sentimita 15 hivi hadi 23. Niseme wazi kwamba ninachokilaumu ni kifaa hiki kisicho na jina, na muuzaji ambaye nitamwacha bila jina, aliyeniandikia kwenye simu kwamba kinafaa "bunduki zote bila ubaguzi". Kwa macho tu kilipendeza. Vituo vilishika, mpira wa nyayo ulikuwa mnene, na rangi nyeusi haikuwa na madoa. Tatizo la kwanza lilijitokeza kabla ya risasi hata moja kufyatuliwa: kifungwe wapi?

Miguu ya namna hii hutarajia kukuta kichwa cha skrubu chini ya mbao ya mbele, pale mkanda wa bunduki unapofungwa. Bunduki inayovunjwa mtutu kwa kawaida haina mbao nzima mahali hapo. Chini yake kuna ufa mrefu, kwa sababu mkono wa chuma unaounganisha mtutu na pistoni lazima upate njia ya kupita wakati wa kukoki. Ncha ya mbele ya mbao imegawanyika kama mkia wa mbayuwayu, na pembeni ni nyembamba kiasi kwamba fundi mwenye akili timamu hatakubali kuitoboa. Muuzaji alikuwa amelijua hilo, nadhani, maana ndani ya sanduku aliweka kibanio cha kufungia miguu kwenye mtutu.

Hilo la mtutu ndilo kosa kubwa kuliko yote, na nalieleza kirefu kwa sababu vibanio hivyo vinauzwa kila mahali. Katika bunduki hii mtutu ndio wenzo wa kukokia. Kila risasi moja unaushika karibu na ncha na kuushusha mpaka ukaribie kugusa paja, kisha unaurudisha juu. Ukiwa umefunga miguu ya chuma hapo, unaishusha nayo, na miguu hiyo ikija chini hukutana na magoti yako, mkono wako au mchanga. Mara ya tatu nilijikwaruza kidole gumba. Mbali na usumbufu huo, uzito unaoning'inia kwenye mtutu huubadilisha mtikisiko wa mtutu wenyewe, na mzigo wote wa bunduki sasa unaegemea kwenye kiungo cha mtutu, kilichokusudiwa kukunjika. Risasi kumi za kwanza zilitawanyika kwenye karatasi kama punje za mtama aliozimwagia mtu kuku. Nilikifungua kibanio siku hiyohiyo, na kwenye rangi ya mtutu kulibaki alama mbili zinazong'aa ambazo bado zinanikera.

Baada ya hapo nilimpelekea seremala wa mjini, si yule mzee wa fito, naye akanifungia kichwa cha skrubu nyuma ya ufa, karibu kabisa na kinga ya kifyatulio, mahali pekee ambapo mbao ni nzima. Hapo miguu ilikaa karibu na kitovu cha uzito wa bunduki, na kama msomaji atalazimika kufunga miguu kwenye bunduki ya aina hii, basi ndipo mahali pa kuifunga. Ila bunduki ikawa inayumba mbele na nyuma kama mizani ya dukani, na mkono wangu wa kushoto ukawa hauna kazi isipokuwa kuuzuia mtutu usiiname. Kutulia ambako ndiko kulikonifanya ninunue miguu kukapotea.

Nilijaribu hata hivyo, na kwa uvumilivu. Shambani kuna baraza ya saruji mbele ya nyumba ndogo ya kuhifadhia nazi, nami nikalala kifudifudi juu yake, miguu ya chuma ikiwa juu ya saruji tupu. Risasi tano za kwanza zilipiga juu ya shabaha kwa upana wa vidole vitatu, ingawa darubini nilikuwa nimeirekebisha siku moja kabla, nikiwa nimelaza bunduki juu ya kiganja. Sababu yake huonekana ukimwomba mtu atazame nyayo badala ya karatasi: mpwa wangu, aliyechuchumaa pembeni huku amevaa vizibo vya masikio na miwani, aliniambia, "Mjomba, inaruka." Na kweli ilikuwa inaruka. Teke likigonga kitu kigumu hurudi, na bunduki hudundishwa juu kama mpira kabla risasi haijaondoka. Tulipotandika mkeka mruko ulipungua kidogo. Tulipokunja blanketi mara nne chini ya nyayo, risasi zilishuka zikaikaribia shabaha. Tulipohamia kwenye mchanga, nyayo zilizama taratibu, kila risasi kina kipya, na nikawa narekebisha urefu wa miguu baada ya kila mfyatuo. Kwa ufupi, bunduki ileile na risasi kutoka kopo lile lile zilipata makao manne tofauti kwenye karatasi kwa sababu tu ya kilichokuwa chini ya miguu ya chuma. Juu ya blanketi, ambapo hali ilikuwa nafuu zaidi, risasi tano zilitosha kufunikwa na kisahani cha kikombe cha kahawa. Kwa mita 25 hilo si la kujivunia.

Mambo mengine ya miguu hiyo nitayapitia upesi. Uliongezeka uzito ambao mkono unausikia baada ya nusu saa. Skrubu za pembeni za mbao, ambazo katika bunduki ya springi hulegea zenyewe kwa sababu ya mtikisiko, zilianza kulegea mapema zaidi. Kwa sasa hutembea na bisibisi mfukoni na kuzikaza kila nikimaliza theluthi ya kopo, maana skrubu iliyolegea huharibu ulengaji kuliko mlengaji mbaya. Na chumvi ya hewa ya Malindi haikuwa na huruma: baada ya majuma mawili zile springi za nje zilishika kutu, licha ya kwamba miguu ilikuwa ikilala ndani ya mfuko. Niliipaka mafuta ya cherehani. Hapa nionye kwamba mafuta ya namna hiyo yasije yakaingia kwenye tundu la hewa la bunduki yenyewe, kwa kuwa hewa inayobanwa na pistoni hupata joto la kutosha kuyawasha, na mlipuko mdogo wa ndani huumiza springi na kizibo cha pistoni.

Fito zilikuja kwa njia ya mkato. Nilikwenda kwa mzee huyo kutengenezewa kiti kifupi cha kukalia shambani, na alipouliza kiti ni cha kazi gani nikamsimulia habari ya miguu ya chuma na miruko yake. Akanisikiliza huku akiendelea kulainisha mguu wa kitanda, kisha akasema, "Mwanangu, dau hulifungi kwa kamba iliyokaza. Maji yakipwa litaning'inia, yakijaa litazama. Liachie kamba lipande na kushuka." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hilo ndilo walilolisema Wamarekani kwa kurasa nyingi." Akacheka, akaingia ndani, akarudi na fito mbili.

Wajenzi wa pwani huyapanga magogo ya mkoko kwa unene wake, na kila unene una jina na kazi: fito ni nyembamba kuliko zote, kisha pau, mazio, boriti na nguzo. Fito ndizo zinazofaa hapa, kwani pau zingekuwa nzito bila faida. Alizikata kwa urefu wa mita moja na kidogo, zikatosha mtu aliyekaa kwenye kiti kifupi. Shibiri moja chini ya ncha za juu alizipishanisha na kuzifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, mizunguko minane, si kwa kukaza sana, hivi kwamba zinafunguka na kufungika kama mkasi na kukaa popote unapozitaka. Ndani ya panda iliyotokea juu alishona kipande cha kikoi kikuukuu, kimening'inia kama machela ndogo. Nilichokipenda zaidi ni nyayo. Nilipomweleza kwamba shambani ni mchanga na miguu huzama, alitoboa nusu mbili za kifuu, akazipigilia skrubu chini ya kila ufito huku mgongo wa kifuu ukiwa chini, na kifuu hicho kikakalia mchanga bila kuuchimba, kikiruhusu ufito kuinama upande wowote.

Namna ya kuzitumia ni muhimu kuliko zilivyotengenezwa, kwa hiyo nitaieleza hatua kwa hatua. Bunduki hailazwi juu ya kikoi moja kwa moja. Mkono wa kushoto ndio unaoingia kwenye machela, kiganja kikiwa juu na kimefunguka, na bunduki hulala juu ya kiganja bila vidole kuikamata. Fito hubeba mkono, na mkono hubeba bunduki. Nyama laini ya kiganja hupokea mateke yote mawili na kuyaacha yapite bila kuyarudisha. Jambo la pili ni mahali pa kuilaza: nimebandika utepe mweupe kwenye mbao, mbele kidogo ya kinga ya kifyatulio, na ukingo wa kiganja lazima uguse utepe huo kila mara. Nilipousogeza mkono mbele kwa upana wa vidole vinne, karibu na mwisho wa mbao, risasi zilihamia juu na kulia, zikiwa bado zimekusanyika. Bunduki nyingine huenda ikapenda mahali pengine, na njia ya kupajua ni kufyatua risasi tano tano kwa kila mahali, kisha kuchagua penye mkusanyiko mdogo na kuhamishia darubini hapo. Jambo la tatu ni kuendelea kutazama kwenye darubini baada ya kufyatua. Ukiinua kichwa upesi ili uone umepiga wapi, tayari umeisukuma bunduki.

Asubuhi ya kwanza niliyozitumia vizuri ilikuwa kabla ya saa mbili, kusi ikiwa bado haijaamka. Katika miezi ya kusi upepo shambani kwetu hupata nguvu jua linapopanda, na risasi ya nusu gramu husukumwa pembeni bila ubishi, kwa hiyo atakayejaribu kiegemeo chochote saa saba mchana atakuwa anaupima upepo. Nilifyatua tano, nikaenda kwenye karatasi, nikakuta matundu manne yameshikana kama majani ya ua na la tano limejitenga kidogo. Nilitoa sarafu ya shilingi 20 mfukoni, nikaiweka juu yake, ikayafunika yote matano. Sikuamini, nikabandika karatasi mpya. Mara ya pili sarafu haikutosha, ila ilikosa kidogo tu. Tangu siku hiyo wastani wangu umekuwa hapo karibu na sarafu, na ninapoharibu huwa najua nimeharibu wapi, kwa kawaida ni kidole cha kulia kilichofinya kwa pupa.

Fito hizi nazo zina kasoro. Juu ya saruji au vigae, vifuu huteleza, na ilinibidi kuvivisha soksi za mtoto. Hazimfai mtu anayetaka kulala kifudifudi. Kwa kusimama inabidi kuwa na jozi ndefu inayofika kifuani, na fito mbili kwa mtu aliyesimama hazizuii mtikisiko wote. Unaosalia unabaki mikononi mwako, labda uongeze mguu wa tatu. Mkoko ni mti mzito, na mwenye kutembea nazo mbali angefanya vizuri kuagiza za mwanzi. Pia ukanda wa tyubu huliwa na jua. Wangu umeanza kupasuka pembeni na nitaubadilisha kabla haujakatika.

Aidha, kwa haki, miguu ya chuma si kitu cha bure duniani. Kwenye bunduki ya hewa iliyojazwa katika tangi, ambayo haina pistoni ya kukimbia mbele na nyuma, hufanya kazi yake vizuri kwa sababu hakuna teke la maana la kurudishwa. Vilevile zipo bunduki za springi, kama Diana 54, ambazo mtambo wake umewekwa juu ya reli ndani ya mbao ili uteleze wenyewe teke linapokuja. Hizo husumbuliwa kidogo sana na aina ya kiegemeo, ingawa ni nzito na ghali. Bunduki nzito isiyovunjwa mtutu, ambayo hukokiwa kwa wenzo wa chini, nayo ni mvumilivu kuliko yangu. Tatizo ni kwamba watu wengi wanaoanza hununua ile nyepesi ya kuvunja mtutu, ambayo ndiyo yenye hasira kuliko zote, halafu wanauziwa miguu ya chuma kwa sababu imeonekana kwenye picha. Huko Marekani, ambako mchezo wa kulenga shabaha za chuma zinazoanguka una chama chake, AAFTA, kitengo cha Hunter huwaruhusu washindani kukaa kwenye kiti na kuegemeza bunduki kwenye fimbo za miguu miwili, hivyo wazo la mzee wetu lina wenzake wa mbali.

Kama ningelazimishwa kutoa alama, miguu ya chuma ningeipa mbili kwa kumi kwa bunduki yangu na saba kwa bunduki inayostahili, nikimpunguzia muuzaji moja zaidi kwa ile ahadi yake ya "bila ubaguzi". Nilipomwandikia kuhusu kibanio cha mtutu alinijibu kwamba nimekifunga kinyume. Nilipomtumia picha hakujibu tena. Fito nazipa nane. Alama mbili zilizobaki moja ni ya uzito, na ya pili ni ya kosa ambalo mimi na mzee tulilifanya pamoja: jozi ya kwanza aliitengeneza kwa fito ambazo hazijakauka, nami kwa haraka yangu nikazichukua hivyohivyo. Baada ya siku kumi juani ufito wa kushoto ulipinda kama upinde, na panda yote ikawa inaegemea upande. Alinitengenezea nyingine bila malipo, kwa fito zilizokaa darini mwake tangu mwaka uliopita, na hizo hazijapinda. Kwa hiyo atakayeagiza kwa fundi yeyote aziombe kavu, aje na kiti atakachokalia ili urefu upimwe akiwa ameketi juu yake, na aje pia na tyubu yake mwenyewe, kwani mzee hunung'unika akilazimika kwenda kuitafuta kwa mafundi wa baiskeli.